Jogoo Anayetaga

Kando ya mwalo wa Kigera, Musoma, pale mawe makubwa yanapoishia na mchanga wa kuanikia dagaa unapoanzia, kuna uwanja ambao wanadamu hawajui kama ni uwanja. Asubuhi wao humwaga hapo dagaa waliovuliwa usiku kwa karabai, jua likipanda huwageuza, alasiri huwazoa wakaenda zao. Wakishaondoka, wanyama huchomeka makasia mawili upande wa ziwa na miti miwili ya mihogo upande wa mashamba, mpira unaanza.

Timu ni mbili. Ya Majini ina Kiboko, beki wa kati ambaye hajawahi kumkaba yeyote maishani mwake. Husimama tu, na kusimama kwake kunatosha. Kiungo ni Fisi Maji. Winga ya kushoto anacheza Sile-maua, ndege yule wa vidole virefu anayetembea juu ya majani ya yungiyungi bila kulowa, na winga wa namna hiyo hapatikani kila msimu. Ya Nchi Kavu ina nahodha Beberu, ina Ngedere, mshambuliaji asiyeijua njia ya kurudi nyuma, na golini ina Jogoo. Refa ni Kamongo. Alichaguliwa kwa kuwa ni samaki mwenye mapafu, anayevuta pumzi ya pande zote mbili, wakaona hawezi kupendelea. Huchezesha akiwa ndani ya dimbwi kwenye mstari wa kati, na filimbi yake ni mkia akiupiga kwenye tope.

Kati ya timu hizi kuna utani wa jadi. Utani wenyewe, ule wa Mngoni na Msukuma, una masharti ambayo siku hizi yamesahauliwa, yakabaki matusi peke yake. Mtani anaweza kukuumbua mbele ya wakwe zako na usinune. Lakini ukifiwa, ndiye anayefika wa kwanza na jembe. Anachimba kaburi, anamtania maiti, analala ndani ya shimo na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Na ukifa wewe, ndiye atakayekufukia. Hiyo ndiyo bei ya uhuru wake wa kusema. Kigera desturi hiyo inashikwa mpaka leo. Mzee Mamba alipokufa, Mbuzi walichimba kaburi huku wakiwataja jamaa zao aliowala, mmoja mmoja kwa majina, na ukoo wa Mamba ukacheka mpaka machozi yakawatoka, ingawa kwa ukoo ule machozi si ushahidi.

Mashabiki wa Majini ni Vyura. Hao wanaijua soka. Usiku wa mechi kubwa hupanda mpaka kibanda umiza cha barabarani, wakajipanga nje chini ya bati na kusikiliza. Wanajua kwamba Yanga ni ya mwaka 1935 na Simba ya 1936. Wanajua pia kwamba watu wa Simba huwaita wenzao vyura, kwa sababu mvua zikinyesha makao ya Jangwani hufurika. Siku ya kwanza kusikia jina lao likitumika kama tusi, walikaa kikao usiku kucha, wakaamua kulipokea kama heshima. Na Yanga ilipoifunga Simba 5–1, tarehe 5 Novemba 2023, walirudi ziwani wakitaka kuonyesha mkono wa tano barabara nzima. Ila chura ana vidole vinne mguu wa mbele, kwa hiyo ilibidi kila mmoja alale chali na kunyanyua mguu wa nyuma. Simba mwenyewe, anayeishi Serengeti, mkoa huo huo wa Mara, hajawahi kuulizwa maoni yake.

Basi ilikuwa Jumamosi, bila kwa bila, dakika zimekwisha, Majini wakapata penalti. Kiboko akapiga. Jogoo akaruka upande ule ule, akaudaka, akaanguka nao, akaufunika kwa mbawa zote mbili na kutulia juu yake ili muda uende. Makipa wote wa dunia hufanya hivyo. Lakini Chura mmoja mzee, kiongozi wa kwaya, akanyanyua shingo na kusema, "Jamani, mwacheni, analalia!"

Uwanja mzima uliangua kicheko. Ilichekesha kweli, asiyecheka hapo ana ugomvi na mpira wenyewe. Jogoo naye alicheka. Akainuka taratibu, akachungulia chini ya tumbo lake, akatangaza, "Bado halijaanguliwa." Neno likatoka upande mmoja, likarudishwa na upande wa pili, wote wakaenda nyumbani wakilisimulia. Lingeishia hapo, mimi nisingekuwa na cha kuandika.

Vyura hawajui kuacha. Jambo likisemwa na Chura mmoja lina mwenyewe, unaweza kumfuata ukamjibu. Likiimbwa na Vyura elfu, halina mwenyewe tena. Mechi iliyofuata hawakungoja hata mpira uguswe: "Jogoo wenu anataga! Jogoo wenu anataga!" Habari ya penalti haikuwemo tena. Mechi ya tatu wimbo ulikwisha kuota ubeti wa pili, uliouliza nani hupanda na nani hupandwa kwenye banda la akina Jogoo, na wa tatu ambao siuandiki, maana msomaji anaujua. Ameusikia kijiweni na kwenye daladala, tofauti ni wanyama tu.

Jogoo alijaribu kurudisha, kama mtani anavyotakiwa. Alipaza sauti akauliza ni chura gani anayeweza kumtofautisha mama yake na baba yake gizani. Jibu zuri, na halikusikika. Wimbo uliendelea juu yake.

Nyumbani mambo yakaanza kumfuata. Tetea, mkewe, akienda kunywa maji, Bata humsalimu kwa kumuuliza leo kwao kataga nani. Vijogoo vyake vilipoanza kujifunza kuwika, wenzao wakawaambia wakaulize kwanza kama sauti hiyo ni ya upande wa baba au wa mama. Na golini, kipa aliyekuwa akiulalia mpira akaanza kuuogopa. Mpira wa kudaka anaupiga teke. Wa kuangukia anaurukia kwa mguu mmoja, kifua mbele, ili ionekane wazi ni mguu wa jogoo. Siku moja mpira wa pole kabisa, uliotaka kulaliwa tu, aliupiga ukamgonga Nguruwe na kuingia wavuni, yaani kati ya miti ya mihogo. Vyura wakaandika ushindi huo kwa jina la wimbo.

Hapa inabidi nirudi kwa Sile-maua. Katika ukoo wake jike hutaga, akamwachia dume mayai, akaenda zake kwa dume jingine. Dume ndiye hulalia juu ya majani yanayoelea, na vifaranga vikianguliwa, ndiye huvikumbatia chini ya mbawa na kutembea navyo, vijiguu vikining'inia nje. Ndivyo walivyo. Hawakujifunza kitabuni wala hawakuletewa na meli. Ila kiota chake kiko mbali ndani ya mafunjo, na mtu wa mpira haulizwi anakwenda wapi baada ya mechi, kwa hiyo wenzake hawakujua. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga kona zote za kushoto, na kibendera cha kushoto kiko pua na mdomo na jukwaa la Vyura, mashabiki wake mwenyewe. Mechi ya kwanza ya wimbo ule aliimba nao, tena kwa sauti iliyowapita. Mechi ya pili aliimba kwa adabu. Ya tatu alifungua mdomo na kuufunga tu, sauti hakuitoa.

Beberu alikwenda kulalamika kwa refa.

"Mwanangu, huo ni utani," Kamongo alijibu kutoka dimbwini. "Nikiingilia utani, kesho mtaniambia nizuie na mvua."

Ilitokea kwamba Korongo Mweupe alikuwa ameshafika. Kila mwaka Ulaya ikianza baridi, yeye hushuka mpaka huku, na hufika na habari nyingi ambazo hakuna aliyemwagiza. Akaomba ruhusa ya kusema. Akasema kwamba ana ndugu zake wanaokaa Ufaransa, wale wanaopitia Gibraltar kwenda kukaa Afrika Magharibi, na walipokutana Ujerumani walimsimulia jambo. Tarehe 16 Agosti 2019 refa alisimamisha mechi ya Nancy na Le Mans, daraja la pili, kwa sababu jukwaa lilikuwa likiimba nyimbo za kuwatukana wanaume wanaowapenda wanaume wenzao. Siku 12 baadaye ikasimamishwa ya Nice na Marseille, wachezaji wakaingizwa ndani kama dakika 10.

"Kumbe utani umekufa Ulaya," Chura mzee akadakia.

"Haujafa, mzee wangu. Wakitulizwa hutulia, refa akigeuka wanaanza."

Ngedere, ambaye ni wa Nchi Kavu na alitakiwa kuwa na uchungu, alikuwa na udadisi. "Lakini hao wanaoimbiwa, huwa ni kweli?"

Korongo akawapa habari ya Graeme Le Saux, beki wa kushoto wa Uingereza. Huyu hakuwa na habari na wanaume. Alikuwa na mke. Kosa lake ni kwamba alisoma gazeti la The Guardian (si hili letu la Dar es Salaam) ambalo wenzake kwenye basi la timu hawakulisoma. Ikatosha. Viwanja vikamwimbia miaka na miaka. Februari 1999, Chelsea ikicheza na Liverpool, Robbie Fowler alimgeuzia makalio mbele ya uwanja mzima, mara ya kwanza na ya pili. Le Saux akakataa kupiga faulo yake mpaka refa achukue hatua. Refa akachukua: akampa kadi ya njano Le Saux, kwa kuchelewesha mchezo.

"Haya, na kama ni kweli?" Ngedere hakuachia.

"Kama ni kweli, alikuwepo Justin Fashanu. Baba yake Mnigeria. Mwaka 1981 alikuwa mchezaji mweusi wa kwanza wa Uingereza kuuzwa kwa pauni milioni 1. Mwaka 1990 akasema mwenyewe gazetini kwamba ndivyo alivyo. Ndugu yake wa tumbo moja, John, naye mchezaji maarufu, akamkana hadharani. Mei 1998 alijiua, London."

Pakawa kimya kidogo. Kisha Chura akasema Ulaya ni mbali, na Kamongo, ambaye alikuwa amesikiliza kwa makini sana, akatikisa kichwa kama hakimu aliyepata kifungu cha sheria. Mechi iliyofuata, Jogoo alipogoma kupiga goli kiki wakati wimbo unaendelea, Kamongo akapiga mkia kwenye tope na kumpa kadi ya njano kwa kuchelewesha mchezo. Alisema ameona mfano huo kwa wenzetu walioendelea.

Wimbo ukiimbwa sana hufika kwa wakubwa, na wakubwa hawapendi kuonekana hawana la kufanya. Kenge akatangaza kwamba tuhuma za jogoo kutaga ni nzito, zinagusa mila za mwalo, akaunda kamati ya wajumbe 17, yeye mwenyekiti. Kila mkazi mwenye jina la anayeshukiwa alilete. Majina yakaja kwa vikapu: mwenye deni alipeleka jina la anayemdai, jirani akapeleka la jirani, na Bata mmoja, kwa kutokuelewa tangazo, akapeleka la kwake. Kamati ikaingia bandani kwa Jogoo usiku, ikamgeuza juu chini, ikampapasa. Mayai yalipatikana manne, chini ya Tetea. Ni vyema nikumbushe kwamba chakula cha Kenge ni mayai. Taarifa ya kamati ilisema ushahidi umekusanywa na unahifadhiwa na mwenyekiti mahali salama.

Msomaji wa Dar es Salaam atakumbuka Oktoba 2018 na kamati nyingine, ya idadi hiyo hiyo, iliyotangazwa na mkuu wa mkoa kuwasaka mashoga, wananchi wakaombwa wapeleke majina. Mwanzoni mwa Novemba Wizara ya Mambo ya Nje ikaeleza kwamba yale yalikuwa maoni yake binafsi, si msimamo wa serikali. Kigera nako wazee wa mwalo walitoa tamko la namna hiyo kuhusu Kenge. Mayai hayakurudishwa.

Mwezi huo huo kideri kikapita, kikamchukua Bibi Koo, mama yake Jogoo.

Kwa desturi, Majini wakaja kuzika. Kiboko alichimba kaburi kwa kukanyaga mara tatu. Vyura wakarukia ndani, wakalala chali, wakasema hawatoki mpaka walipwe, na kazi yao wakaianza kwa ufundi wote. Walisema marehemu ametaga mayai elfu na mtani wake hakuonjeshwa hata moja. Walisema alikuwa mchoyo, kwamba mumewe hakufa kwa ugonjwa bali kwa kelele zake. Mmoja akaiga mwendo wake wa kuchechemea akienda kupekua shamba la watu. Waombolezaji wakacheka huku wanalia, Jogoo akiwa mmojawapo, na kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi akaonekana anapumua.

Ndipo Shangazi Kanga akasimama. Ukoo mzima wa kuku ulilelewa mikononi mwake, na akisimama hata Nguruwe huacha kutafuna.

"Watani wetu, mmetutania vizuri, Mungu awalipe. Sasa kabla hatujawatoa shimoni, tuimbieni na ule wa uwanjani."

Vyura wakatazamana.

"Ule... ule ni wa mpira, Shangazi," Chura mzee akasema.

"Na wa mpira si utani? Kila siku naambiwa ni utani, nisinune."

"Ni utani, Shangazi."

"Na hapa mnafanya nini?"

Hakuna aliyejibu.

"Mmemwita marehemu mchoyo. Mmesema aliua mume. Mmelala kaburini mwake na miguu yenu ya tope, na sisi tumecheka. Mimi ni mzee, nimezika wengi, nimetukanwa na watani kila aina ya tusi, na sijaona tusi la utani linaloogopa matanga. Mwanawe huyu hapa. Wajukuu hawa. Mkwe huyu. Imbeni basi."

Chura mdogo mmoja, ambaye alikuwa bado hajajua mambo, akaanza, "Jogoo we..." Wenzake wakamziba mdomo kwa pamoja. Kaburini mkawa kimya, na ukimya wa Vyura ni jambo ambalo Kigera haikuwahi kulisikia. Kisha wakatoka shimoni mmoja mmoja bila kungoja kulipwa. Fungu lao la dagaa lilibaki pale pale ukingoni. Mtani kuacha malipo ya kaburi, hilo nalo lilikuwa geni, na wazee walilizungumza kuliko hata msiba wenyewe.

Usiku Vyura wakakaa kikao. Kilikuwa kikali, na wapo waliosema wimbo uachwe kabisa. Wengine wakasema ukiacha huu, kesho utaambiwa uache na ule wa Kiboko na tumbo lake, na mwisho mpira utachezwa kwenye kimya cha makaburi. Hoja hii ilipigiwa makofi, ingawa Kiboko hajawahi kulalamika, kwa kuwa anaimbiwa na wanaomjua, usoni, na siku akikasirika wanajua pa kukimbilia. Alfajiri wakapitisha azimio: wimbo ule ni marufuku msibani, arusini, na mahali popote alipo Shangazi Kanga. Uwanjani kanuni ibaki ilivyo.

Kamongo naye, akiogopa kuonekana amelala, akaweka faini ya mafungu 3 ya dagaa kwa kila mechi ambayo wimbo utaimbwa. Vyura wakalipa ya msimu mzima kwa mkupuo, wakapewa stakabadhi, wakaibandika kwenye ngoma.

Ikaja fainali. Majini walipojipanga, winga ya kushoto ilikuwa tupu. Wakamwita, wakamtuma Fisi Maji akamtafute kwenye mafunjo, akakuta kiota kikavu. Walicheza pungufu, kona zikapigwa na Kiboko, mpira mmoja ukapotelea kwenye mihogo, na Nchi Kavu wakashinda 2–0 bila hata Jogoo kuguswa.

Ujumbe ukaundwa kumtafuta Sile-maua. Korongo Mweupe aliwaelekeza: alimwona usiku mmoja akitembea juu ya gugu maji kuelekea mashariki, vifaranga vinne chini ya mbawa. Walimkuta mbali, kwenye mafunjo ya mlango wa Mto Mara. Vifaranga vilishakua, na yeye alikuwa amekaa juu ya mayai mengine, hakuinuka kuwapokea. Wakayaona mayai. Walimsalimu, wakamsifu, wakamweleza kwamba timu ni ya kwake na kwamba jezi yake hakuna aliyeivaa.

"Nyinyi ni watu wangu," alisema. "Lakini nikipiga kona nilikuwa nawasikia vizuri sana. Kibendera kile kiko karibu nanyi."

Chura mzee alishangaa kwa moyo wake wote. Akawageukia wenzake, akamgeukia tena yeye. "Sasa ndugu yangu, wewe unahusika vipi? Hatujakutaja hata siku moja! Sisi tulikuwa tunamwimbia Jogoo."